Kitabu kilichoandikwa taa za studio zikiwaka: tathmini ya The Making of Star Trek (1968)

Tamthilia ya kwanza ya Star Trek, inayosimulia safari za chombo cha anga kiitwacho Enterprise, ilionyeshwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 3 Juni 1969, na katika misimu hiyo mitatu zilitoka sehemu 79. Vitabu vilivyoandikwa kuihusu havitoshi kwenye rafu moja, lakini vingi kati yake vimeandikwa na watu wanaotazama nyuma, ambao tayari wanajua kwamba tamthilia ile ilikufa, ikafufuka, ikazaa filamu na tamthilia nyingine na kuwa jina linalotambulika duniani kote. The Making of Star Trek hakimo katika kundi hilo. Kiliandikwa na Stephen E. Whitfield akishirikiana na Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia yenyewe, na kilichapishwa na Ballantine mwezi Septemba 1968, wakati mafundi walikuwa bado wanapaka rangi mandhari za msimu wa tatu. Nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekifunga nikiwa na hamu ya kurudi kutazama sehemu ambazo nilidhani nimezizoea.

Whitfield hakuwa mwandishi wa habari wala mhakiki wa filamu. Alikuwa mtu wa matangazo aliyefanya kazi na kampuni ya AMT, watengenezaji wa vifaa vya kuunganisha vya plastiki, ambao walipata haki ya kuuza mfano mdogo wa chombo cha Enterprise. Kampuni hiyo ndiyo iliyogharimia utengenezaji wa Galileo, kile chombo kidogo cha kubebea abiria tunachokiona katika msimu wa kwanza, kwa makubaliano kwamba ingeruhusiwa kuuza mfano wake. Kazi hiyo ndiyo iliyomwingiza Whitfield studio, na alipokwisha kuingia hakutaka kutoka. Hali yake hiyo inaonekana katika kila sura: anauliza maswali ya mtu aliyezoea kujua kitu kinaunganishwaje na kinagharimu kiasi gani, na kwa kuwa hakuwa na umaarufu wa kulinda katika ulimwengu wa televisheni, haoni haya kueleza mambo ambayo wenyeji wa studio wangeyaona madogo mno.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote ni madokezo ya ofisini. Whitfield aliruhusiwa kufungua majalada, naye akayachapa kama yalivyo: madokezo kati ya Roddenberry na Robert Justman, mtayarishaji mwenzake aliyekuwa akipitia kila mswada kwa jicho la mtu anayejua kwamba fedha hazitoshi; kati yao na Dorothy Fontana, aliyeanza kama katibu wa Roddenberry akapanda hadi kuwa mhariri wa miswada; na kati yao na Matt Jefferies, msanifu wa mandhari. Sehemu moja ilipaswa kupigwa picha kwa muda wa siku sita hivi, kwa bajeti isiyofika dola 200,000, na kila wazo la mwandishi lililohitaji jiji geni au jeshi la viumbe wa ajabu lilikutana na kalamu ya Justman kabla halijafika mbele ya kamera. Anayesoma madokezo hayo anaisikia ofisi yenyewe: uchovu wa saa nne za usiku, heshima iliyofichwa ndani ya utani, na mabishano marefu juu ya mambo ambayo mtazamaji hatayaona kwa zaidi ya sekunde tatu. Lipo dokezo ambalo Justman anapendekeza kwamba majina ya watu wa sayari ya Vulcan, alikotoka Spock, yule ofisa wa Enterprise mwenye masikio yenye ncha, yaanze kwa herufi mbili za kwanza za jina Spock na kuishia kwa herufi ya mwisho ya jina hilo hilo, kisha anaandika orodha ndefu ya majina ambayo mengine hayatamkiki. Nilicheka sana nilipoisoma mara ya kwanza. Mara ya pili niliona kitu kingine, kwamba watu hawa waliochoka walikuwa wakijenga utamaduni mzima wa taifa lisilokuwapo, jina moja baada ya jingine, na walilichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili.

Kitabu kinaanza mbali zaidi ya hapo, kwenye andiko la tarehe 11 Machi 1964 ambalo Roddenberry alilitumia kutafuta kampuni ya kuichukua tamthilia yake. Roddenberry alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili, kisha polisi wa Los Angeles, kabla ya kuishi kwa kalamu. Katika andiko lake nahodha anaitwa Robert April na chombo kinaitwa Yorktown, lakini nguzo zote za tamthilia tayari zimesimama. Lililonivutia kuliko yote ni hoja yake ya sayari zinazofanana na Dunia. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba sehemu zinazoonyesha sayari yenye majambazi wa Chicago au yenye Warumi wenye televisheni zilitokana na uchovu wa waandishi. Kumbe wazo hilo lilikuwamo tangu siku ya kwanza, na lilikuwamo kwa hesabu: mavazi na mitaa ya bandia iliyobaki kutoka katika filamu nyingine ingetumika tena, na fedha zilizookolewa zingekwenda kwenye chombo chenyewe. Tangu nilipolisoma hilo, sehemu kama "Bread and Circuses" na "A Piece of the Action" nazitazama kwa macho mengine kabisa, nikitafuta mahali ambapo uhaba umemlazimisha mwandishi kuuliza swali zuri zaidi kuhusu jamii.

Habari za sehemu mbili za majaribio zimesimuliwa kwa kina, na hapo ndipo ningemshauri msomaji asiwe na haraka. Sehemu ya kwanza, "The Cage", ilipigwa picha mwishoni mwa mwaka 1964, Jeffrey Hunter akiwa nahodha Christopher Pike, na iligharimu zaidi ya dola 600,000, kiasi kikubwa mno kwa televisheni ya wakati ule. NBC waliikataa kwa kuiona inamtaka mtazamaji afikiri kupita kiasi, lakini wakafanya jambo lisilo la kawaida, wakaagiza jaribio la pili. Ndipo ikaja "Where No Man Has Gone Before" ya mwaka 1965, William Shatner akiwa nahodha Kirk. Katika mabadiliko hayo alipotea ofisa mwanamke aliyekuwa msaidizi wa nahodha, aliyeigizwa na Majel Barrett, na ubaridi wake wa kutawala hisia ukahamishiwa kwa Spock. Picha za "The Cage" hazikutupwa. Ziliingizwa ndani ya sehemu mbili zinazofuatana za "The Menagerie" mwezi Novemba 1966, uamuzi mwingine uliozaliwa na uhaba wa muda na fedha, na ambao hadi leo unatazamika kwa raha.

Masikio ya Spock yana hadithi yake, na Whitfield anaisimulia bila haraka. Yalijaribiwa mara nyingi kabla hayajakubalika, na Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, mwenyewe aliogopa kwamba yangemfanya achekwe, hata Roddenberry akamwahidi kwamba baada ya sehemu kumi na tatu, ikiwa bado hayapendi, angemwandikia mswada ambamo masikio yale yangefanyiwa upasuaji. Kituo nacho kilikuwa na hofu yake: katika kijitabu cha kuinadi tamthilia kwa watangazaji, ncha za masikio zilifutwa kwenye picha ili Spock aonekane binadamu wa kawaida. Miezi michache baada ya tamthilia kuanza kuonyeshwa, Spock alikuwa kipenzi cha watazamaji kuliko mtu yeyote chomboni.

Kwa anayependa ufundi, sura zinazohusu vifaa na mandhari ni karamu. Jefferies alikuwa mtu wa ndege, na Roddenberry alipomwagiza achore chombo alimweleza zaidi asichokitaka: pasiwe na mapezi, pasiwe na moto wala moshi unaotoka nyuma, wala kitu chochote kinachofanana na roketi. Likazaliwa umbo ambalo leo hata mtoto asiyewahi kutazama sehemu moja anaweza kulichora. Kitabu kinatoa vipimo vya chombo hicho cha kubuni kana kwamba kiko gatini kinapakia mizigo: urefu wa futi 947, watu 430 ndani yake. Mfano uliotumika mbele ya kamera una urefu wa zaidi ya futi 11, na tangu mwaka 1974 umo mikononi mwa Smithsonian, katika jumba la makumbusho ya ndege na vyombo vya anga jijini Washington.

Kwa nini wasafiri hawatui kwa chombo, bali wanayeyuka hapa na kuibuka kule? Kwa sababu kukitua chombo kikubwa kwenye sayari mpya kila wiki kungemaliza bajeti yote, na pia kungechelewesha hadithi. Mmeto ule wa dhahabu tunaouona watu wakitoweka ulikuwa unga wa alumini uliomwagwa ndani ya mwanga mkali na kupigwa picha, na milango ile inayofunguka yenyewe ilivutwa na wafanyakazi waliojificha nyuma ya ukuta wakisubiri ishara. Nimejua hayo kwa muda mrefu sasa, na bado nikitazama naamini kwamba milango inajifungua. Kitabu hakiniharibii tamthilia kwa kunionyesha kamba. Kinaniongezea mtu wa kumheshimu nyuma ya kila mlango.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika upande huo inahusu vikopo vya chumvi. Sehemu ya "The Man Trap", iliyokuwa ya kwanza kuonyeshwa, ina kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu, na mswada ulitaka vikopo vya chumvi vionekane mezani. Vilinunuliwa vikopo vya maumbo ya kigeni yanayofaa karne zijazo, kisha ikaonekana kwamba hakuna mtazamaji ambaye angevitambua, hivyo vikatumiwa vikopo vya kawaida. Vile vya kigeni havikurudishwa dukani. Vikawa vyombo vya upasuaji vya daktari McCoy, na kwa misimu mitatu mwigizaji wake, DeForest Kelley, aliwatibu mabaharia wa anga kwa vikopo vya chumvi, kwa uso wa mtu aliyeshika kifaa cha thamani kubwa.

Sehemu hiyo hiyo ndiyo yenye jambo ambalo sisi tunaosema Kiswahili hatuwezi kulipita. Kiumbe kile, kinachojigeuza kufuatana na mawazo ya anayekitazama, kinamjia Luteni Uhura, ofisa mwanamke mweusi wa Enterprise, kwa umbo la kijana mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", Uhura anafutwa kumbukumbu na kufundishwa upya, na Kiingereza kinapomshinda anaingia katika Kiswahili. Hayo yalirushwa na televisheni ya Marekani miaka michache tu baada ya neno uhuru kuvuka bahari pamoja na habari za Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Jina la ofisa huyo limetokana na neno hilo hilo, likibadilishwa irabu ya mwisho, na msomaji wa Kiswahili analisikia mara moja bila kufafanuliwa. Jina lake la kwanza, Nyota, halimo katika tamthilia ya miaka ile. Lilibuniwa katika kitabu cha pembeni cha mwaka 1982 na kuthibitishwa katika filamu ya mwaka 2009, jambo linaloonyesha kwamba vitabu vya aina hii si mapambo tu, kwani wakati mwingine vinairudia hadithi yenyewe na kuikamilisha.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa dhidi ya The Making of Star Trek. Uhura anapewa nafasi finyu mno. Kirk na Spock wamechambuliwa nasaba, tabia na udhaifu wao, nahodha na msaidizi wake wakapewa kurasa baada ya kurasa, ilhali Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, mwanamke mweusi aliyekaa kwenye daraja, yaani chumba cha kuongozea chombo, kama ofisa mwenye cheo katika miaka ambayo waigizaji weusi wengi walipewa nafasi za watumishi, anapitiwa kwa haraka na kwa sifa za urembo kuliko za kazi. Ilinibidi niende kwenye kumbukumbu zake mwenyewe, zilizotoka mwaka 1994, kupata habari kwamba siku alipojaribiwa kwa nafasi hiyo alikuwa amebeba riwaya inayohusu Kenya yenye jina la Uhuru, na kwamba mazungumzo juu ya neno hilo ndiyo yaliyozaa jina lake. Humo pia anaeleza jinsi alivyotaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na jinsi Martin Luther King alivyomsihi abaki. Kitabu kilichoandikwa studio, mwaka ambao King aliuawa, kilikuwa na nafasi ya kumsikiliza mwigizaji huyo kwa makini zaidi, na nafasi hiyo haikutumiwa.

Upungufu wa pili unatokana na uzuri wa kitabu chenyewe. Roddenberry ni mwandishi mwenza, kwa hiyo Roddenberry ndiye shujaa, na NBC ndiyo ukuta anaogonga kila sura. Msomaji makini anapaswa kukisoma pamoja na Inside Star Trek: The Real Story, kitabu cha mwaka 1996 ambacho Justman huyo huyo alikiandika na Herbert Solow, aliyekuwa mkuu wa uzalishaji katika Desilu, studio iliyoitengeneza tamthilia. Humo tunaona kwamba kituo hakikuwa kipofu kiasi hicho. Upo waraka wa NBC wa mwaka 1966 unaowahimiza watayarishaji wao kutumia waigizaji wa asili mbalimbali. Tunaona pia mchango wa Gene Coon, mtayarishaji aliyetuletea Waklingoni, wale maadui wapenda vita, na kuipa tamthilia sehemu kubwa ya ubinadamu wake, ukipimwa kwa mizani ya haki zaidi. Sisemi kwamba Whitfield alidanganya. Aliingia katika nyumba ya mtu, akapokewa vizuri, akaandika alichoonyeshwa.

Hata hivyo, nikilazimishwa kubaki na kimoja kati ya hivyo viwili, nitakibakiza hiki cha mwaka 1968. Kile cha pili kinajua mno. Katika sura za mwisho za Whitfield tamthilia imetoka kuponea chupuchupu: mashabiki wakiongozwa na Bjo Trimble na mumewe John wameandika barua kwa wingi hadi NBC ikalazimika kutangaza hewani, usiku wa tarehe 1 Machi 1968, kwamba Star Trek itarudi. Mwandishi ana matumaini. Hajui kwamba kuhamishiwa saa nne za usiku siku ya Ijumaa, wakati ambao vijana walioipenda hawako nyumbani, kutaiua ndani ya mwaka mmoja, na kwamba kurushwa tena na vituo vidogo katika miaka ya 1970 ndiko kutakakoipa watazamaji wengi kuliko ilivyowahi kuwa nao. Anaeleza mipango ya msimu wa tatu kwa sauti ya mtu anayesubiri mvua baada ya kupanda. Ninapofika hapo huwa nasoma polepole, kwa sababu nataka kukaa pamoja na watu wale kwa muda kidogo kabla habari haijawafikia.

Kwa upande wa lugha, Kiingereza chake ni chepesi, sentensi zake ni fupi, na msomaji aliyemaliza sekondari atakifuata bila kamusi, isipokuwa pale madokezo yanapotumia misemo ya studio. Mpangilio wake una kasoro. Baadhi ya mambo yanarudiwa, na sura za ratiba ya uzalishaji zinachosha ukizisoma mfululizo, kwa hiyo ni afadhali kuzigawa.

Nakala za kale zinapatikana kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, kwani kilichapwa tena na tena katika miaka ya 1970. Toleo la kwanza liliuzwa kwa senti 95 za Marekani, na lilichapwa kwa karatasi ya bei hiyo. Nakala yangu niliiagiza kupitia intaneti. Kurasa zimegeuka rangi ya chai, na gundi ya mgongo imekauka hivi kwamba ukikifungua kwa nguvu karatasi zinabaki mkononi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji apige picha ya mgongo na ahakikishe kwamba kurasa za picha za katikati zote zipo, kwani hizo ndizo hung'oka kwanza. Ukishakipata, weka "The Man Trap" tayari, usome habari za vikopo vya chumvi, kisha utazame mkono wa daktari McCoy kila anapomwinamia mgonjwa.